Ufunguo wa Leseni Unapokataliwa: Kupandisha Toleo la Mfumo Endeshi wa Kompyuta Mpakato

Madhumuni ya makala haya ni kueleza jinsi mwalimu anavyoweza kutambua, na mara nyingi kutatua yeye mwenyewe, matatizo ya ufunguo wa leseni yanayozuka anapopandisha toleo la mfumo endeshi wa kompyuta mpakato. Tumeyaandika kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ya Marekani ilisimamisha marekebisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10, na walimu wanafunzi wengi wamekuwa wakihamia Windows 11. Baadhi yao hufika mlangoni petu na mashine zinazodai kwamba hazina leseni. Sababu ya pili ni kosa letu wenyewe, nalo yatupasa tulieleze kwanza.

Mwanachuo mmoja wa mwaka wa pili alikuja ofisini siku nne kabla ya kwenda mazoezi ya kufundisha. "Shikamoo mwalimu," alisema. "Nimepandisha Windows, na sasa kompyuta inasema haina leseni. Maandalio yangu yote ya wiki sita yamo humo." Mashine hiyo aliinunua ikiwa imekwisha kutumika, kwa fedha alizozipata kwa kulima bustani ya mboga likizo mbili mfululizo. Katika kona ya chini ya kioo palikuwa na maandishi hafifu yaliyomtaka aiamilishe Windows, yaani aithibitishe kwa leseni halali. Tuliyatazama maandishi hayo kwa muda usiozidi dakika moja, tukamwambia awahi kwa fundi kabla mashine haijajifunga.

Ushauri huo ulikuwa mbaya. Tuliutoa kwa kumbukumbu ya Windows XP, iliyotoka mwaka 2001, ambayo ilimpa mtumiaji siku 30 za kuamilisha na baada ya hapo ikamzuia kuingia. Windows 10 na Windows 11 hazifanyi hivyo. Mashine isiyoamilishwa huendelea kuwaka, nyaraka hufunguka, na mwenye mashine aweza kuandika, kuchapa na kunakili kazi zake. Anachonyimwa ni kubadili rangi, picha ya nyuma na mapambo mengine ya namna hiyo, na maandishi ya kona humkumbusha deni lake. Hatusemi kwamba mwalimu akae hivyo siku zote, kwani kutumia programu bila leseni ni kuvunja masharti ya mwenye mali. Twasema tu kwamba ana muda wa kutosha wa kufikiri.

Mwanachuo wetu hakupewa muda huo. Fundi alifuta diski yote na kuweka Windows upya kwa flashi aliyokuwa ameiandaa. Maandalio ya masomo, azimio la kazi la Hisabati Darasa la Nne na michoro ya zana za kufundishia vilipotea. Na jioni ile ile maandishi ya kona yakarudi.

Chanzo cha mkanganyiko wote huu ni dhana moja: kwamba ufunguo ndio leseni. Tumepata kwamba walimu wanafunzi huielewa tofauti iliyopo kwa haraka zaidi tukiwapa mfano wa mtihani wa taifa. Mtoto haruhusiwi kuingia katika chumba cha mtihani kwa sababu anajua namba fulani. Anaruhusiwa kwa sababu amesajiliwa, na namba ya mtahiniwa ni alama tu ya usajili huo. Mtu aweza kuikariri namba ya jirani yake asisajiliwe; na mtoto aliyesahau namba yake hajafutiwa usajili, maana orodha ipo. Vivyo hivyo, leseni ni haki ya kutumia programu kwa masharti fulani. Ufunguo wa herufi na tarakimu 25 ni alama ya haki hiyo, na haki yenyewe yaweza kuwapo hata pale ambapo mwenye mashine hajapata kuuona ufunguo maishani mwake.

Mfano huu una mpaka wake, na mkufunzi anayeutumia hana budi kuutaja. Katika mtihani, anayesajiliwa ni mtu. Katika leseni nyingi zinazokuja na kompyuta mpakato kutoka kiwandani, anayesajiliwa ni mashine. Ukiiuza, leseni huenda pamoja nayo. Ukiitupa, leseni imekufa nayo. Ni leseni iliyonunuliwa peke yake dukani tu ambayo mwenyewe aweza kuiondoa katika mashine moja na kuihamishia katika nyingine.

Sasa tuangalie usajili huo huwekwa wapi, kwa kuwa hapa ndipo ulipo ufumbuzi wa matatizo mengi. Katika kompyuta za zama za Windows 7, ufunguo ulichapwa juu ya karatasi ndogo iliyobandikwa chini ya mashine. Karatasi hizo hufutika kwa jasho la mapaja na msuguano wa begi, kiasi kwamba katika mashine za zamani mara nyingi hubaki nusu ya herufi. Tangu Windows 8, mwaka 2012, watengenezaji walianza kuuandika ufunguo ndani ya kumbukumbu ya kudumu ya bodi kuu ya mashine. Hapo hauonekani kwa macho, lakini kufuta diski hakuufuti. Kuanzia Windows 10, mwaka 2015, ikaongezwa njia ya tatu: leseni ya kidijitali. Seva za Microsoft huhifadhi kumbukumbu ya vifaa vya mashine iliyokwisha kuamilishwa, na mashine hiyo ikiwekewa Windows upya, huunganishwa na intaneti ikatambuliwa, pasipo mtu kuandika ufunguo wowote.

Kutokana na hayo twaweza kusema jambo ambalo wengi hawalijui. Anayetoka Windows 10 iliyoamilishwa kihalali kwenda Windows 11 hahitaji ufunguo mpya, wala hahitaji kulipa. Akipandisha toleo kwa njia ya kawaida, juu ya mfumo uliopo, leseni huhama pamoja na nyaraka zake. Akiweka upya kabisa, na programu ya kuweka ikamwuliza ufunguo, achague mstari unaosema kwamba hana ufunguo, kisha achague aina ile ile aliyokuwa nayo: kama ilikuwa Home, achague Home, kama ilikuwa Pro, achague Pro. Sharti hili la aina ndilo linalowaangusha wengi. Leseni ya Home haiamilishi Pro, hata kama mashine ni ile ile na mwenyewe ni yule yule.

Hapo ndipo tulipoikuta mashine ya mwanachuo wetu, ingawa tuliifikia kwa kuchelewa. Katika Windows ipo amri fupi inayoandikwa katika dirisha la amri: slmgr /dli. Amri hiyo huleta kisanduku kidogo chenye aina ya Windows, hali ya leseni, na neno linalotaja njia ambayo leseni ilipitia. Likiwa ni RETAIL, leseni ni ya dukani, au ni leseni ya kidijitali iliyopatikana kwa kupandisha toleo. Likiwa ni OEM_DM, ufunguo ulitoka katika bodi kuu. Likiwa ni VOLUME_KMSCLIENT, leseni ni ya taasisi. Baada ya fundi kuweka mfumo wake, mashine ilitaja Pro na neno hili la mwisho. Tukatoa amri nyingine, safari hii katika programu ya PowerShell: (Get-CimInstance SoftwareLicensingService).OA3xOriginalProductKey. Ukatokea ufunguo uliokuwa umelala katika bodi kuu tangu kiwandani. Tulipoujaribu, ulikuwa wa Home.

Mambo yakawa wazi. Kompyuta hiyo ilitoka kiwandani na leseni halali ya Home. Aliyeiuza aliiwekea Pro na kuiamilisha kwa utaratibu wa taasisi. Utaratibu huo ni halali kwa vyuo, idara na makampuni yanayonunua leseni kwa jumla: mashine zao huamilishwa na seva ya taasisi, uamilishaji hudumu siku 180, na mashine hujaribu kuuhuisha kila baada ya siku 7. Mashine isiyo ya taasisi haina seva ya kuirudia. Mnunuzi huiona ni nzima, hulipa, na huishi nayo miezi kadhaa. Kisha siku zikifika hudhani ni yeye aliyeiharibu, hasa kama siku hizo zimeangukia wakati alipopandisha toleo. Mwanachuo wetu alikuwa akijilaumu kwa kosa lililofanywa na mtu mwingine kabla hajaigusa mashine.

Tuliweka Windows 11 ya Home na kuiunganisha na mtandao wa chuo. Haikutuuliza ufunguo. Kabla chai ya saa nne haijamalizika ilikuwa imeamilishwa. Haki aliyokuwa akiitafuta kwa fundi alikuwa ameibeba mkobani muda wote. Lakini kushuka kutoka Pro hadi Home hulazimu kuweka mfumo upya, na kwa hiyo hata kama angekuja kwetu tukiwa tunajua la kufanya, diski ingefutwa. Tofauti ni kwamba tungenakili maandalio yake kwanza katika flashi. Kazi hiyo ingechukua kama dakika kumi.

Mashine inapokataa ufunguo huandika namba ya kosa, na wengi huifunga dirisha lile kwa hofu bila kuinakili. Namba hiyo ni sawa na maelezo ya mgonjwa kwa mganga. Haifai kuzikariri zote, bali tunawataka wanachuo wazifahamu chache zinazorudi mara kwa mara, nasi huzieleza kwa mfano wetu wa mtihani. 0xC004F050 ni namba ya mtahiniwa iliyoandikwa vibaya au isiyokubalika: rudia kuandika polepole. 0xC004F210 ni mtahiniwa aliyeingia chumba cha mtihani mwingine: aina ya Windows iliyowekwa si ile yenye leseni. 0xC004C008 ni namba moja iliyotumiwa na watahiniwa wengi kuliko inavyoruhusiwa. 0xC004C003 ni namba iliyofungiwa na wenye mtihani. 0xC004F074 ni mtahiniwa anayemtafuta msimamizi wa shule yake asimwone: mashine inatafuta seva ya taasisi. 0xC004F211 ni mtahiniwa ambaye sura yake imebadilika tangu asajiliwe, yaani vifaa vya mashine vimebadilishwa, aghalabu bodi kuu.

Kosa hili la mwisho lastahili maelezo zaidi. Mtu ambaye leseni yake ya kidijitali ilikuwa imeunganishwa na akaunti yake ya Microsoft kabla ya matengenezo aweza kuingia katika Settings, kisha System, kisha Activation, akafungua kitatuzi kilichopo hapo na kuchagua sentensi inayosema kwamba alibadilisha vifaa hivi karibuni. Ataonyeshwa orodha ya mashine zake, naye ataitaja iliyo yake. Aliyekuwa hajaunganisha akaunti hana njia hiyo. Ndiyo sababu twasisitiza kwamba kuunganisha kufanyike wakati mashine ni nzima. Na ikiwa leseni ilikuwa ya kiwandani, bodi kuu mpya kwa kawaida huhesabiwa kuwa mashine mpya, na akaunti haitasaidia sana.

Kabla ya kupandisha toleo, basi, mwalimu afanye nini? Anakili nyaraka zake mahali pengine. Hili si la kujadiliwa. Afungue ukurasa wa Activation na kuandika katika daftari, kwa kalamu, aina ya Windows na hali ya leseni. Kama mashine haijaamilishwa kabla ya kupandisha, haitaamilika kwa sababu tu imepandishwa, na ni bora tatizo hilo litatuliwe kwanza. Aunganishe akaunti. Kisha ahakikishe kwamba mashine yenyewe inakubalika: Windows 11 hutaka kumbukumbu ya kazi isiyopungua gigabaiti 4, nafasi ya diski ya gigabaiti 64, kifaa cha usalama kiitwacho TPM cha toleo la 2.0, na kichakataji kilichomo katika orodha ya Microsoft. Mashine nyingi hukataliwa kwa sababu ya TPM au kichakataji, na mwenyewe hukimbilia kununua ufunguo. Hakuna ufunguo unaotibu ugonjwa huo.

Juu ya kununua funguo, twapenda kusema kwa ukali kidogo. Funguo zinazouzwa mitandaoni au vibandani kwa bei ya soda mbili tatu, aghalabu ni funguo za taasisi zilizogawanywa kwa watu wasiohusika, au namba moja iliyouzwa mara nyingi. Baadhi hufanya kazi, na hilo ndilo huwaponza wanunuzi. Kisha hufungiwa, na muuzaji hapatikani. Mwalimu ambaye kesho atawaambia watoto kwamba kunakili mtihani ni wizi, anunue leseni kwa muuzaji anayetambulika, au atumie mfumo endeshi usiodai ufunguo. Ubuntu na Linux Mint ni mifumo ya namna hiyo. Hutolewa bure na kihalali, nayo huzifaa sana mashine zile zilizokataliwa na Windows 11. Twajua wapo wakufunzi wenzetu wasioipenda mifumo hiyo. Wengi wao hawajaijaribu.

Tuje sasa kwenye ufundishaji. Mada hii tunaifundisha kwa vipindi viwili vya dakika 80. Kipindi cha kwanza hatuwashi kompyuta hata moja. Wanachuo hukaa wawili wawili, mgongo kwa mgongo. Mmoja ana ufunguo wa kubuni wenye makundi matano ya herufi tano tano, naye humsomea mwenzake auandike. Jozi nyingi hukosea katika jaribio la kwanza. Twawauliza ni kwa nini. Wao wenyewe hugundua kwamba B na D, P na T, M na N hufanana masikioni, na kwamba 8 na B, 6 na G hufanana machoni. Kisha twawataka wachunguze ni herufi zipi hazimo kabisa. Huchukua muda, lakini daima hutokea mmoja anayepaza sauti kwamba hakuna irabu. Ni kweli: funguo za Windows za miaka hii hazina A, E, I, O wala U, hazina pia L, S na Z, wala tarakimu 0, 1 na 5. Aliyeandika O au sifuri amekwisha kukosea kabla hajabonyeza kitufe. Kwa mzungumzaji wa Kiswahili, ambaye silabi zake hukamilishwa na irabu, maandishi ya namna hiyo hayasomeki kama neno, na hivyo hayana budi kusomwa alama moja moja. Tumewaona wanachuo wakilichukua zoezi hili hili na kulipeleka Darasa la Tatu kwa ajili ya somo la kusikiliza na kuandika, jambo ambalo hatukulitarajia.

Katika kipindi cha pili kila kikundi hupewa kadi yenye habari ya mashine moja: ilitoka na aina gani, amri ya slmgr inaonyesha nini, namba ya kosa ni ipi, nani aliitengeneza mara ya mwisho. Kikundi hakiruhusiwi kutaja dawa mpaka kiseme ugonjwa. Mwanzoni vikundi vingi hujibu neno moja, "Ifutwe." Mkufunzi na awe na subira hapa, asiwape jibu. Auulize tu ni kitu gani katika kadi kimewaonyesha kwamba kufuta kutasaidia. Katika kadi sita tulizonazo, kufuta husaidia katika moja tu, nayo ni ile iliyotokana na mkasa tulioueleza. Hata hapo twataka waseme ni nini kitanakiliwa kwanza na kitawekwa wapi.

Zimebaki mashine za Windows 7 zilizomo katika baadhi ya shule za mazoezi. Windows 7 ilikoma kupata marekebisho ya usalama tarehe 14 Januari 2020. Microsoft ilitangaza kupandisha bure hadi Windows 10 kwa mwaka mmoja, kuishia tarehe 29 Julai 2016, lakini kwa miaka saba zaidi funguo za Windows 7 na Windows 8 ziliendelea kukubaliwa kimya kimya. Mlango huo ulifungwa Septemba 2023. Kwa hiyo mwalimu anayesoma maelekezo ya zamani yanayomwambia aandike ufunguo wa karatasi iliyo chini ya mashine atapoteza mchana wake bure. Iwapo mashine ile ile ilikwisha kuamilishwa kwa Windows 10 kabla ya hapo, kumbukumbu yake ya kidijitali bado inahesabika, na yafaa kujaribu. Kama sivyo, karatasi ile si ya thamani tena kwa kazi hii, hata ikiwa herufi zake zote 25 zasomeka vizuri.

Mwanachuo wetu alikwenda mazoezi ya kufundisha siku iliyopangwa. Maandalio ya wiki ya kwanza aliyaandika upya kwa mkono, usiku, kwa siku tatu. Azimio la kazi alilipata kwa mwenzake waliyekuwa wamelitayarisha pamoja. Michoro ya zana haikurudi. Tulipomtembelea darasani katika wiki ya pili alikuwa ameichora upya juu ya karatasi za magunia ya saruji, na flashi ilikuwa imening'inia shingoni mwake kwa kamba ya kiatu.